Mkanda wa Sita

Alhamisi, 4 Machi

Marehemu mama alikuwa akisema mtu asipitishe siku bila kutaja jambo moja la kushukuru, hata kama ni chumvi kukolea tu. Miaka yote nimekuwa nikiyataja kichwani. Sasa kaka yangu kanipa daftari siku ya kuagana, basi nitayaandika.

Niliolewa wiki tatu zilizopita. Nina miaka arobaini na moja. Walionikatia tamaa walikuwa wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mume wangu ni mgane, mwendesha mashine wa ukumbi wa sinema. Tunakaa vyumba viwili nyuma ya ukumbi, na dada yake, wifi yangu, anakaa cha tatu. Watu wote wanamwita Fundi. Mimi pia namwita Fundi, maana nikijaribu "mume wangu" ulimi unanigomea.

Tajiri, mwenye ukumbi, aliposikia kwamba nimepiga chapa miaka kumi na minane katika ofisi ya wageni na lugha yao naijua, akanikabidhi kipaza sauti papo hapo. Msimulizi wa zamani kahama. Filamu itasema kwa lugha yao, mimi nitakaa kwenye stuli pembeni ya pazia niseme kwa yetu. Tunaanza Jumamosi.

Mvua imeanza leo. Paa linavuja pale chini ya ngazi ya kupandia ghalani. Ndoo ilikuwa fupi, maji yakawa yanarukia ukuta, nikaiinua juu ya kopo pana la bati nililolikuta hapohapo. Nyumba hii imejaa makopo ya mikanda ya filamu, matupu. Wifi anatunzia vitunguu kwenye moja na sindano kwenye jingine. Hili lilikuwa zito, nadhani lina misumari. Ndoo imekaa sawasawa kama ilipimwa.

Shukrani ya leo: sauti ya mvua, na mtu wa kuisikiliza naye.

Jumamosi, 6 Machi

Nimeponea chupuchupu!

Filamu ina mikanda sita. Msichana anaolewa na bwana mmoja mkimya mwenye nyumba ya mawe juu ya mlima. Bwana havui glavu nyeupe. Kila siku anapanda mnarani na beseni lililofunikwa kitambaa, anajifungia saa nzima, ufunguo unaning'inia shingoni. Bibi arusi anampenda, na kila siku anamwogopa zaidi kidogo. Mwisho wa mkanda wa tano ameiba ufunguo, yuko kwenye ngazi, mlango unafunguka, mwanga unampiga usoni.

Basi hapohapo Fundi akashuka kutoka chumba cha mashine, akaninong'oneza nyuma ya pazia: "Mwenzangu, mkanda wa sita una kasoro. Malizia kwa mdomo."

"Nimalizie nini? Mimi mwisho siujui!"

"Hata mimi siujui. Nakuamini."

Taa zikawashwa. Watu mia mbili wananitazama. Nikasema mnarani alikuwa anafuga njiwa wagonjwa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakosi filamu na hukaa mstari wa mbele, akapiga kelele: "Njiwa? Tumelowa mvua yote hii kwa ajili ya njiwa?" Ukumbi ukavunjika mbavu.

Shukrani ya leo: "Nakuamini."

Jumanne, 9 Machi

Daraja limechukuliwa na maji. Hakuna gari linaloingia wala kutoka, kwa hiyo hakuna filamu nyingine. Tajiri kasema tutaonyesha hiihii mpaka watu waikinai.

Jumapili, 14 Machi

Hawajaikinai. Wanakuja kusikia mwisho. Jana nilisema mnarani kuna mwendawazimu, leo nimesema kuna mashine ya kuchapa noti. Kinyozi kasema nikiishiwa nimpe yeye kipaza sauti.

Alhamisi, 18 Machi

Fundi kafunga ghala la juu kwa kufuli. Sikuwahi kuliona limefungwa. Kila siku baada ya chakula cha mchana anachota beseni la maji safi, analifunika kwa kitambaa, anapanda nalo. Anakaa saa nzima, wakati mwingine mbili. Nilicheka peke yangu jikoni. Nikamwambia wifi, "Kaka yako anaigiza filamu."

Wifi hakucheka. Aliacha kuchambua mchele akasema, "Huko juu kuna vitu vya marehemu mkewe. Nguo, kitanda, kila kitu. Mwache, wifi yangu. Kila mtu ana pa kulilia."

Sikujua kwamba analia. Namshukuru Mungu kwa mume mwenye moyo. Nimeiandika hiyo sentensi na nimeisoma mara mbili.

Jumatano, 24 Machi

Mvua. Vibanio vyangu vya nguo vimepotea, dazeni nzima.

Jumamosi, 27 Machi

Leo nimesema mnarani kuna picha ya mke wa kwanza, na Bwana Glavu anaiosha kwa maji kila siku, haoni wala hasikii mwingine. Wanawake wa nyuma wamelia. Nilidhani nasimulia filamu.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimemkuta anafua glavu. Glavu nyeupe, za pamba. Nilisimama mlangoni na ndoo mkononi. Nikamuuliza za nini. Akasema, "Za kazi." Kweli waendesha mashine huvaa glavu wakishika mkanda, hilo nalijua sasa. Lakini hii ilikuwa saa saba mchana, na mashine imefunikwa tangu Jumapili.

Pia ananuka spiriti, kama hospitali.

Shukrani ya leo: kunde ziliiva upesi. Ndiyo hivyo tu.

Jumatano, 7 Aprili

Vibanio nilivyonunua upya navyo vimepungua. Nimevihesabu. Mtu anayepoteza vibanio anaanika nguo. Nani anaanika nguo ndani ya ghala lililofungwa? Anafua nguo za marehemu, anazianika, anazitazama zikikauka. Zangu hata hajui zina rangi gani.

Nina wivu na mtu aliyelala kaburini. Nimeandika ili nione aibu, na aibu haikuja.

Jumamosi, 10 Aprili

Ukumbi umejaa mpaka watu wamesimama ukutani. Nilipofika mwisho nikasema: mlango ulipofunguka, bibi arusi aliona nguo za mwanamke zimeanikwa, zimetiwa maji, na bado damu haijatoka. Mke wa kwanza hakufa kwa ugonjwa. Bwana Glavu ndiye aliyemuua, na beseni ni la kuoshea.

Kinyozi akageuka kutazama wa nyuma. Halafu sauti moja ya kike ikasema, "Nilijua!" na ukumbi mzima ukalipuka makofi.

Nilipotoka Fundi alikuwa anashuka ngazi. Kasema, "Leo umewashika." Akatabasamu. Mikono mfukoni.

Jumatano, 14 Aprili

Simu ya ofisini kwa Tajiri bado inafanya kazi. Nimempigia kaka. Nimemwambia daraja likitengenezwa tu, aje na gari anichukue. Hakuuliza kwa nini, alisema, "Sawa, dada. Nitakuwa wa kwanza kuvuka." Namshukuru kaka yangu kwa kutouliza.

Jumapili, 18 Aprili

Nimerudia mwisho uleule. Wameutaka.

Jumamosi, 24 Aprili

Leo niandike yote, hata kama mkono utauma.

Asubuhi Fundi alikwenda kunyolewa. Baada ya nusu saa akarudi, shavu la kulia limenyolewa safi, la kushoto lina povu na ndevu za siku nne. Alipita uani hivyohivyo, mbele ya majirani na mbele ya wifi, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji akanawa.

"Fundi, vipi?" nikauliza.

"Nimebadilisha mawazo."

"Katikati?"

Akaingia ndani. Wifi akaenda kwa kinyozi kwa miguu ya kasi akarudi na habari. Kinyozi alikuwa na wembe mkononi, kiti kimezungukwa na watu, akamuuliza kwa mzaha: "Fundi, hebu tuambie sisi rafiki zako, yule marehemu hasa alikufa kwa nini?" Mmoja akacheka. Mwingine akasema watu wakimya ndio wa kuogopwa, kimya kingi kina mshindo mkuu. Fundi akavua shuka la kinyozi, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti, akatoka.

Wifi alinieleza hayo amesimama mbele yangu, mikono kiunoni, na machozi yanamtoka kwa hasira.

"Mimi ndiye niliyemuuguza marehemu, miezi saba. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Kaka yangu alikuwa amemshika miguu kwa sababu alikuwa anasikia baridi. Sasa wewe unakwenda kwenye kipaza sauti chako unawaambia watu nini?"

"Nilikuwa nasimulia filamu, wifi."

"Filamu gani? Kwani mwisho wake uliuona wapi? Huo mwisho ni wako. Watu wanajua unakaa nyumba gani, wanajua mumeo anavaa nini, anapanda wapi. Wanadhani unawapa siri! Ulimi hauna mfupa, lakini wako umevunja wa mwenzio."

Nilitaka kubishana. Mimi ni mtu wa kubishana, nimebishana na mameneja.

Badala yake nilimfuata Fundi ndani. Alikuwa amekaa kitandani, anajipapasa shavu la kushoto.

"Nimekukosea," nikasema.

"Watu wamefungiwa na mvua wiki saba. Wakichoka kuitazama mvua wanamtazama mtu."

"Huko juu kuna nini?"

"Nipe wiki mbili," akasema.

"Ni vitu vya marehemu?"

"Nipe wiki mbili, mwenzangu."

Shukrani ya leo: sina. Mama anisamehe.

Jumapili, 25 Aprili

Nimemwambia Tajiri koo linauma. Filamu imeonyeshwa bila sauti yangu. Nasikia watu walijisimulia wenyewe, na walimaliza vibaya kuliko mimi.

Alhamisi, 29 Aprili

Mafundi wamefika darajani. Wanasema siku ishirini. Nimeanza kukunja nguo, halafu nimezikunjua, maana nilikuwa nahitaji gauni la kuvaa.

Jumanne, 4 Mei

Jua! Siku nzima ya jua, ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Mji mzima umetoa magodoro nje.

Fundi aliitwa na Tajiri saa tano. Nilikuwa nafagia nikaona mwanga wa jua kwenye ngazi ya ghalani, mahali ambapo haujawahi kufika. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa kaufungua upate hewa, akautegesha kwa tofali.

Nilipanda. Sikuiba ufunguo wowote, lakini nilipanda kama mwizi, na fagio mkononi.

Hakuna nguo. Kitanda cha marehemu kipo, kimesimamishwa ukutani, na sanduku lake limefungwa kamba na lina vumbi la miaka. Chumba kizima, kutoka dirisha hadi dirisha, kimefungwa kamba, na kwenye kamba umening'inia mkanda wa filamu, vipande kwa vipande, kama tambi nyeusi, na kila kipande kimeshikwa na kibanio changu cha nguo. Chini kuna beseni la maji safi na kipande kingine kimelala humo. Kuna chupa ya spiriti, pamba, mkasi, na chupa ya gundi. Nilishika kipande kimoja nikakiinua kwenye jua. Bibi arusi, mdogo kama ukucha, yuko kwenye ngazi. Sehemu nyingine rangi ilikuwa imeyeyuka, yamebaki madoa tu.

Nikaona kopo lake pembeni, wazi. Nikalifunika ili nisome lebo. Namba sita. Na juu ya kifuniko pana duara la kutu, limechorwa sawasawa, upana wa kitako cha ndoo.

Nilikaa chini. Sikuhitaji mtu wa kunieleza, maana daftari hili lilikuwa limeshanieleza tangu siku ya kwanza. Filamu ililetwa na gari la mwisho mchana ule wa tarehe nne, makopo yakateremshwa chini ya ngazi, nami nikachukua moja nikaliwekea ndoo. Ndoo ilijaa ikafurika usiku kucha ndani ya kopo. Misumari!

Fundi alinikuta hapo. Alikuwa amepandisha ngazi mbili mbili, kisha akasimama.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Asubuhi ya pili. Niliinua ndoo."

"Mbona hukuniambia?"

Akavuta beseni kando, akakaa sakafuni, mbali kidogo, kama mgeni. "Ulikuwa na wiki tatu katika nyumba hii. Umeacha kwenu, umeacha kazi yako. Nikuambie umeharibu kazi yangu? Nilijua ungefunga mizigo kwa aibu. Nikasema nikiutengeneza kwanza, nitakuambia tukiwa tunacheka."

"Na Tajiri?"

"Nilimwambia kopo nililiacha kwenye maji mimi. Akasema wenye filamu wakija kuichukua wakute mikanda sita inayozunguka, la sivyo nitafute kazi nyingine." Akanyoosha kidole kwenye beseni. "Mkanda ukilowa usiuache ukaukie ndani, utagandamana wote. Inabidi ukae majini, uufungue taratibu, kipande baada ya kipande. Na mvua hii haukauki. Ndiyo maana nimechelewa."

Nikamwambia anipe mikono. Hakutaka. Nikaivuta. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka, vimekuwa vyekundu na laini kama vya mtoto mchanga. Spiriti na gundi, wiki nane. Alikuwa anazivaa glavu nisivione.

Nililia. Sikulia vizuri kama wanawake wa filamu. Nililia kwa kwikwi na makamasi, nikajifutia aproni. Yeye akasema, "Usidondoshee machozi mkanda, tutaanza upya," nikacheka katikati ya kilio, nikapaliwa.

Nimemweleza pia kuhusu simu kwa kaka. Aliinamisha kichwa. Akauliza, "Anakuja lini?" Nikasema daraja likipona. Akasema, "Basi tuna siku kumi na tano za kuumalizia," akavaa glavu.

Shukrani ya leo: siwezi kuandika moja. Namshukuru Mungu kwa jua, kwa tofali, kwa kutu, na kwa mtu aliyebeba kosa langu ngazi zote zile kila siku akiwa amelifunika kitambaa, nami nikimhesabia vibanio.

Jumatatu, 10 Mei

Nashika, anagundisha. Wifi analeta chai mlangoni na kutukana mkanda. Alipojua ukweli alininunia siku moja, kisha akaniletea vibanio vyake vyote.

Jumamosi, 15 Mei

Tulitangaza mkanda wa sita umepatikana. Ukumbi haukutosha. Tajiri mwenyewe alikaa mstari wa mbele karibu na kinyozi.

Mkanda ulipita. Ulikwama mara mbili, picha ikaruka, lakini ulipita. Mlango wa mnara ukafunguka, na palepale ambapo tungeona chumbani, pazia zima likajaa madoa: mawimbi, mapovu, weupe. Maji yangu yalikuwa yamekula pale hasa. Picha iliporudi, wale wawili walikuwa wameketi kwenye ngazi. Bwana Glavu amevua glavu. Mikono yake ina makovu ya moto. Mkewe ameishika, anasema neno moja, na sauti inakwaruza, hata mimi sikulisikia.

Taa. Kinyozi akasimama. "Hatujaona! Chumbani kulikuwa na nini?"

Ningeweza kubuni. Nilikuwa na miisho thelathini kichwani. Nilikishika kipaza sauti, nikashuka kwenye stuli.

"Cha filamu sikijui," nikasema. "Cha kwetu nakijua. Kulikuwa na kosa langu."

Nikawaambia yote. Ndoo, kopo, misumari. Nikamtazama Tajiri nikasema aliyeharibu mkanda ni mimi, na aliyeutengeneza ni yule pale juu, na kama kuna wa kufukuzwa, stuli hii hapa. Nikawaambia marehemu alikufa kwa ugonjwa mikononi mwa wifi yake, na mumewe amemshika miguu, na kwamba maneno niliyoyasema hapa wiki zile niliyatoa kwenye wivu wangu, si kwenye filamu. "Nilimvunjia heshima mbele yenu," nikasema, "kwa hiyo naomba radhi mbele yenu."

Tajiri akajikuna kidevu. "Umelowesha mkanda mmoja," akasema, "na kwa ajili ya huo mmoja ukumbi umejaa wiki kumi. Nikufukuze nimwajiri nani?" Watu wakacheka, hewa ikarudi ukumbini.

Kinyozi hakucheka. Alipanda ngazi za chumba cha mashine, wote tukimtazama. Baadaye Fundi ameniambia alichosema: "Kaka, kesho njoo. Shavu moja nina deni nalo."

Jumatano, 19 Mei

Daraja limefunguliwa. Kaka amekuwa wa kwanza kuvuka, kama alivyoahidi, kaingia uani saa nne na matope mpaka kwenye kioo.

"Mizigo iko wapi?" akauliza kabla hata ya salamu.

Nikamwonyesha bati mbili mpya zimeegemea ukuta. "Hiyo hapo. Mpandishie shemeji yako."

Alinitazama, akamtazama Fundi juu ya paa na nyundo mkononi, mashavu yote mawili yamenyolewa. Hakuuliza. Akakunja mikono ya shati. Wifi akasema ndugu wa aina hii haazimwi, anafichwa.

Kabla hawajapiga msumari wa kwanza niliona wingu linakuja. Nikatoka uani, nikaita, "Mume wangu! Shuka, mvua!"

Hakugeuka. Aliendelea kupima bati. Kaka ndiye aliyemgusa mguu akamwambia, "Shemeji, unaitwa."

"Mimi?" akasema.

Nikaita mara ya pili.